Mshale wa Redio ya Baba Yako

Zaituni, mama yangu mudogo,

Ukiisoma barua hii umeshafika Ujiji, umeshakula kwa mjomba wako Issa, na Bi Mwamvita ameshaitoa chini ya gunia la ndagala akakutia mkononi. Itanuka samaki, vumilia. Nimeiweka huko kwa sababu askari wanaokagua mitumbwi hawapendi kutia mikono kwenye ndagala, na Bi Mwamvita akianza kupiga kelele juu ya biashara yake hakuna mwanaume anayetaka kubaki karibu.

Ninaandika mchana. Umekwenda kumwaga maji ya mwisho kwenye miche yako ya pilipili, nakusikia unaimba nyuma ya nyumba, unafikiri mimi niko naziba tundu la sufuria. Usiku ungekuwa na utulivu zaidi, lakini unajua taa haziwashwi siku hizi, kila nyumba inalala na giza lake. Basi nimekaa kwenye meza ya baba yako, mlango wa duka nimeuegesha nusu, na kesho kabla ya jua Bi Mwamvita atakuja kukuchukua.

Mambo ya kula, kuoga na kusali sitayaandika. Unayajua, na usiyoyajua mke wa mjomba wako atakukumbusha mpaka uchoke. Nataka nikuambie yale ambayo sikukuambia kwa mdomo. Si kwamba sikuamini, mwanangu. Niliogopa mtu atakuuliza njiani, na wewe hujui kudanganya, uso wako unasema kila kitu kama redio iliyofunguliwa sauti yote. Mtu asiyejua kitu hana cha kuficha. Kwa hiyo wewe nimekupitisha huku, na maneno nimeyapitisha kule.

Nianze na siku ya uhuru, kwa sababu ndiyo siku niliyoingia katika kazi hii ya redio unayokwenda kujifunza kwa mjomba wako.

Ulikuwa mgongoni kwangu. Baba yako alikuwa fundi tayari, alijifunza kwa Mgiriki mmoja mnunuzi wa mawese, zamani zile redio zilikuwa kubwa kama kibanda cha kuku na ndani zinawaka taa. Siku hiyo alitoa nje redio ndogo mpya, zile za kwanza za kubebwa mkononi, akaiweka juu ya meza hii hii. Mtaa wote ulikuja kusikiliza uhuru ukitangazwa. Wavuvi wa Minago walikuja, wanawake waliacha mawese motoni. Mapile ya redio, betri zake, yalikuwa yamechoka, na mengine alikuwa ameyaanika juani tangu asubuhi yapate nguvu kidogo. Akaniita, "Mama Zaituni, niletee yale mapile."

Alisema nilete. Mimi nilitaka watu waone kwamba mke wa fundi naye ni mtu wa fundi. Nikafungua mlango wa nyuma wa redio mwenyewe, nikayatoa yaliyomo, nikayasukuma yale ya juani, kinyume, yote. Redio ikalia "tii" kama panya aliyekanyagwa, ikanyamaza. Harufu ya kuungua ikatoka.

Halafu mvuvi mmoja akasema, "Fundi, uhuru umekatika!"

"Haukukatika," akajibu mwingine, "mke wa fundi ameurudisha kwa wazungu!"

Walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Nilitamani ziwa lije linichukue. Baba yako hakunitazama hata mara moja. Akainua mikono, akasema kwa sauti, "Jameni, mapile ni ya mwaka jana! Twende kwa Mgiriki, kwake inaimba." Watu wakamfuata wakikimbia, wakisahau.

Jioni alikaa hapa nilipokaa, akaifungua ile redio, akanionyesha kitu kidogo kama mbegu ya pilipili chenye miguu mitatu. "Huyu ndiye umemuua," akasema.

"Sikujua kama pile iko na mbele na nyuma."

"Sasa unajua. Leta kigoda, kaa hapa."

Watu wa Rumonge wanasema fundi alimpenda sana mkewe ndiyo maana akamfundisha kazi ya wanaume. Wanakosea. Alinifundisha ili nisimuulie kingine. Mapenzi yalikuja pale pale juu ya meza, katika moshi wa risasi ya kulehemu inayoyeyuka, hilo sikatai.

Wewe pia utaunguza kitu cha mjomba wako. Kitaungua, mama, hakuna mkono uliojifunza kazi hii bila harufu ile. Siku hiyo hiyo mwambie. Mimi nilikuwa na bahati, watu wote waliona, sikuwa na pa kujificha.

Na watakucheka. Mtu ataingia na redio yake kwapani, atazame huku na huku, aulize, "Fundi yuko wapi?" Utasema, "Ndiye mimi." Atasema atarudi baadaye. Mwache aende. Mzee mmoja wa Gatete alinifanyia hivyo miezi mingi, mpaka siku moja alikuta baba yako yuko Bujumbura na mechi ya mpira inaanza. Alinipa redio kama mtu anayempa jirani mtoto wake amshike kidogo. Ikaimba. Unajua aliniambia nini? "Mwambie bwana yako murakoze." Nilimfikishia bwana yangu murakoze, asante ya kazi yangu mimi, tukacheka mpaka ugali ukapoa.

Sasa nisikilize vizuri.

Umeona tangu udogo kwamba baba yako, kabla ya kufungua redio ya mtu, alichora alama ndogo ya chaki pale mshale wa vituo uliposimama. Akimaliza kazi anaweza kuuzungusha mshale kote kwenye vituo vyote kujaribu, lakini redio ikitoka dukani mshale umerudi kwenye chaki, na chaki imefutwa. Nilidhani ni adabu tu, kama kurudisha kiti cha mtu mahali pake. Siku moja mke wa jirani alikuja kwa siri kuniuliza bwana yake anasikiliza nini usiku, maana ameanza kufunga mlango. Nilitaka kumwambia, kwa kweli ulimi ulikuwa unaniwasha. Baba yako akajibu kutoka huku ndani, "Anasikiliza redio, mama."

Yule mwanamke alipoondoka, baba yako akaniambia, "Mshale unajua anayopenda mtu na anayoogopa. Ukiufungua moyo wa redio yake umeufungua wake. Sasa ukianza kusema, nani atakuletea tena?" Halafu akaniambia kitu ambacho nimekifikiria sana mwaka huu. Alisema redio zinapungua ukubwa kila mwaka, zile za taa zimekufa, hizi nazo zitakufa, zitakuja mashine ndogo kama kiberiti ambazo zinajua mambo ya mtu kuliko mke wake. Wakati huo, akasema, fundi wa kufungua mashine atapatikana kila kona. Wa kufunga mdomo ndiye atatafutwa. Kazi yako itakuwa ndefu, Zaituni. Utaona mashine ambazo mimi siwezi hata kuziota. Hilo moja liende nawe katika zote.

Sasa niandike lile la siku ile. Nimelizunguka kama mtu anayezunguka nyumba ya mbwa mkali.

Wewe ulikuwa Kigwena kwa bibi, ulilikuta limeshapita, na mimi nilikuambia tu kwamba baba aliitwa. Ilikuwa siku za mwanzo za mambo haya. Tulishasikia kwamba wanaume wanaitwa na hawarudi, lakini tulisema ni wale wa siasa, wale wenye shule kubwa. Fundi wa redio ana nini? Alikuwa anakula. Gari dogo likasimama, akashuka kijana mmoja mwenye koti, heshima tele.

"Amahoro. Fundi iko?"

"Amahoro. Iko, karibu."

"Mukubwa anamwita. Redio yake imenyamaza, anataka taarifa ya habari."

Baba yako alikuwa na tonge mkononi. Akaliweka. Akasema, "Redio ya mukubwa? Ile niliitengeneza juzi juzi. Ile haina shida." Alisema polepole, hakumwambia yule kijana, alikuwa anaiambia sahani yake. Alikuwa anafikiri. Namjua akifikiri, jicho moja hufunga kidogo.

Na mimi, mama yako, nikajibu juu ya mawazo yake. Nikasema, "Nenda bwana, wakubwa hawapendi kungojeshwa. Ugali nitaufunika." Nikamletea begi la vyombo. Nikaweka ndani chuma cha kulehemu, nikaweka risasi, nikamfungia kifungo cha begi kwa sababu huwa kinamsumbua. Nilikuwa nimezoea, unaona? Waliita mara nyingi, na kila mara alirudi na sukari au kipande cha sabuni. Nilikuwa ninaiona sabuni.

Mlangoni akageuka. Redio yake mwenyewe, ile ndogo yenye kamba ya ngozi, ilikuwa inaimba hapa mezani kwa sauti ya chini. Akasema, "Usiuguse mshale." Hakusema kingine. Ulikuwa umesimama katikati ya vituo viwili, pale anapopenda, ambapo mtu mwingine anasikia upepo tu na yeye anasema anasikia muziki unaotoka ng'ambo ya ziwa.

Ugali niliufunika. Kesho yake nikaenda kuuliza. Nilipofika kwenye ua, kabla hata sijafungua mdomo, niliisikia. Redio ya mkubwa ilikuwa inaimba dirishani, sauti safi, kazi ya mikono ya baba yako. Nikamwuliza mlinzi, tangu lini imepona? Akanitazama kama mtu anayemtazama mwendawazimu. "Imepona na nini? Hii haijanyamaza hata siku moja."

Baba yako alishajua. Alisema mbele yangu, haina shida. Mtu anayejua kazi yake aliponiambia kwamba mashine si mbovu, mimi nilimsikiliza mwenye koti.

Sikuandikii haya ili unihurumie, wala siulizi kama ningemzuia wangefanya nini. Wangemchukua labda hata hivyo, Bi Mwamvita ananiambia hivyo kila juma. Ninaandika kwa sababu utaishi maisha marefu ya kuitwa. Fundi anaitwa. Watu watakuja mlangoni na maneno mazuri ya watu wengine midomoni. Usilitazame koti. Mwulize kitu ambacho mwenye kumtuma tu ndiye anakijua: redio ina ufa upande gani, kamba yake ni ya rangi gani, mara ya mwisho niliibadilisha nini. Aliyetumwa kweli atajua au atarudi kuuliza bila hasira. Atakayekasirika, funga mlango. Na ukihisi jicho lako moja linafunga, mama, usiruhusu mtu akuletee begi, hata akiwa ni mimi.

Baada ya hapo nilifanya jambo ambalo sijui kama baba yako angelikubali. Askari walianza kupita nyumba kwa nyumba wakiziwasha redio za watu, kuona zimekaa kwenye kituo gani. Ukikutwa na sauti ya nchi ya jirani, unaulizwa unangoja nini kutoka huko. Na mimi nilikuwa na rafu nzima ya redio za watu, kila moja na chaki yake. Nilikaa hapa nikazitazama. Halafu nikachukua kitambaa, nikafuta chaki zote, nikazungusha mishale yote ikaelekea Bujumbura, moja baada ya nyingine, kama mtu anayegeuza watoto waliolala waangalie ukuta. Nililia, maana nilivunja sheria yake ya kwanza. Siku hizi nafikiri sikuivunja. Ile chaki haikuwa kwa ajili ya mshale. Ilikuwa kwa ajili ya mwenye redio. Lakini redio moja sikuigusa, ya kwake.

Umeniuliza mara ngapi kwa nini nisije nawe. Nilikuwa nakujibu kwamba duka haliachwi. Umenikasirikia, nimekusikia ukiwaambia kuku. Tazama ile rafu siku moja kwa macho ya moyo wako. Zote zimepona. Nilizimaliza moja moja, nimezipangusa vumbi, na hakuna anayekuja. Nikisikia hatua barabarani nasimama. Mtu anapita. Nakaa. Ya mwalimu iko, ya yule mvuvi aliyesema uhuru umekatika iko, amekuwa mteja wangu miaka hii yote na hajaacha kunitania. Nikifunga duka nikaondoka, nitakuwa nimesema hawarudi. Nikibaki, nimekaa na redio zinazongoja watu, na mimi ni mojawapo. Ndiyo hali yangu, mama. Mchana nina kazi ya kupangusa. Jioni ndiyo ndefu.

Lakini siwezi kungoja hivi maisha yote, wewe huko na mimi huku. Ndiyo sababu ya ile redio uliyobeba.

Nilikuambia ni redio ya mteja, mbovu, mjomba aitengeneze na Bi Mwamvita airudishe. Kamba nimeitoa, nimeipaka masizi ili usiitambue, na ndani nimelegeza waya mmoja isiimbe. Ni ya baba yako. Nilimaliza kuifunga asubuhi ya leo. Kabla ya kuifunga ilibidi niusogeze mshale. Nilikaa nayo muda, mkono juu ya kitasa, ninasikia upepo wake. Mara ya kwanza tangu aondoke, nikauzungusha, ukaelekea Bujumbura kama ile mingine.

Sasa fanya hivi. Bi Mwamvita atakapokuwa anarudi, mpe redio hiyo tena, ikiwa bado mbovu, useme kipuri hakikupatikana. Redio mbovu zinavuka ziwa kila juma, hakuna anayeshangaa. Yeye ataniletea na hatajua kitu. Mshale ndio utaniambia. Ukiwa umefika salama, mjomba yupo, na kuna mahali pa mimi kulala, upeleke mwisho kabisa kushoto. Nitaziweka redio za watu kwa bibi yako Kigwena, atazificha kwenye ghala lake chini ya mihogo mikavu, nitamwachia majina, nami nitapanda mtumbwi. Ikiwa huko ni pabaya, au mtu amekulazimisha kuiandaa hii redio, upeleke mwisho kulia. Nitabaki, na nitatafuta njia nyingine ya kukufikia.

Na kuna pale katikati. Pa kwake.

Bi Mwamvita aliniambia jambo, nami sikukuambia. Anasema kati ya watu waliovuka kutokea msitu wa Kigwena, wale wanaokaa mbele ya Kigoma kwenye mahema, kuna mwanaume anawatengenezea watu tochi. Hana chuma cha kulehemu. Anapasha msumari kwenye makaa, na risasi anaikwangua kwenye mishono ya makopo ya maziwa. Hakumwona, alisikia kwa wauza mafuta. Baba yako alifanya hivyo hivyo kabla Mgiriki hajampa chuma. Wanaume wengi wanajua kupasha msumari, najua. Na chuma chake alikwenda nacho, niliweka mwenyewe begini, najua hilo pia. Lakini mtu anayekimbia hutupa begi. Nimekaa na maneno haya kama pile iliyoanikwa juani, yananipa nguvu kidogo, kisha yanaisha, kisha nayaanika tena.

Kabla Bi Mwamvita hajarudi huku, nenda ukamtazame huyo mtu wa tochi. Mwombe mjomba akupeleke, usiende peke yako. Na usimwite baba mbele za watu. Mpe hiyo redio, useme tu imeharibika, umwulize mshale ukae wapi. Kama ni yeye, hutahitaji kuuliza la pili.

Akiwa ni yeye, mwache auweke kwa mkono wake.

Akiwa si yeye, Zaituni, usinihurumie. Nakujua. Utaikumbuka sura yangu hapa mlangoni, utasema moyoni, nikimwekea mama pale katikati atapata usingizi, atacheka, atakuja mbio. Ningekuja mbio kweli. Lakini wewe ni fundi sasa, umetoka kwenye meza hii, na fundi haweki mshale pale mteja anapotamani. Uweke kushoto, mama, kama ni kushoto. Kushoto kunanitosha. Kushoto ni wewe.

Barua hii washia moto wa chai. Nakusikia umeacha kuimba, unakuja, ngoja niifiche.

Mama yako, dukani